Silvia, 180SX na 240SX: kuhamisha injini na sura ya mbele kwa mkupuo mmoja

Mwaka 1988 Nissan ilitoa Silvia ya kizazi cha S13, gari la milango miwili lenye taa kubwa za kudumu na buti la kawaida. Mwaka uliofuata ikaja 180SX: chasisi ileile, ila taa za mbele huzama na kuinuka, na nyuma kuna mlango mpana wa kioo. Kuanzia kioo cha mbele kwenda puani, magari haya mawili yanakaribiana mno. Vijana wa Japan waliokuwa wakiteleza kwenye barabara za milimani waliligundua hilo mapema. Ukiibamiza pua ya 180SX, ya Silvia inaingia mahali pake, na ni nyepesi kwa sababu haina mota za kuinua taa. Mchanganyiko huo ukaitwa Sileighty, na mwaka 1998 duka la Kid's Heart la huko Japan likauza magari mapya yaliyoundwa hivyo.

Marekani mambo yalikuwa kinyume. Kule gari liliitwa 240SX, na hata lile la buti la kawaida lilitoka kiwandani likiwa na taa za kuinuka. Walichokosa Wamarekani ni injini: walipewa KA24 ya lita 2.4 isiyo na tabo, ilhali Wajapani walikuja kupata SR20DET ya lita mbili yenye tabo. Ndiyo maana huko kila mwenye 240SX huota SR20, kama vile kila mwenye 180SX Japan huota uso wa Silvia.

Watu wengi huzifanya kazi hizi mbili kwa nyakati tofauti, injini mwaka huu na uso mwaka kesho. Mimi naona ni kujitesa. Bampa, taa na fremu ya rejeta vikishatoka, injini huvutwa mbele karibu bila kuinuliwa, na waya zote ziko wazi mbele yako. Vua mara moja, funga mara moja.

Kwanza, jua kinachoingia na kisichoingia

S13 iliendelea hadi 1993, na 180SX ikabaki sokoni mpaka 1998. Mwanzoni zile za tabo zilitumia CA18DET ya lita 1.8, nguvu za farasi 175, yenye taimingi belti. Mwaka 1991 ikaingia SR20DET ya cc 1998, nguvu za farasi 205, yenye taimingi cheni. Jina la 180SX halikubadilishwa ingawa injini ilikuwa imeshafika lita mbili. S14 ilikuja mwishoni mwa 1993 ikiwa na nguvu 220, mwili mpana wa milimita 1730, na umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ukaongezeka kutoka milimita 2475 hadi 2525. S15 ya 1999 hadi 2002 ilirudi kwenye upana wa milimita 1695, nguvu zikafika 250, na ikapewa giaboksi ya gia sita. 240SX iliuzwa Marekani hadi 1998 katika maumbo ya S13 na S14.

Hukumu yangu juu ya sura ni hii. Uso wa Silvia S13 kwenye 180SX au 240SX ya S13: fanya, ni kazi ya spana na subira. S14 ya awali kuvalishwa uso mkali wa S14 iliyosanifiwa upya 1996: fanya pia, kwa sababu fremu ni ileile na unachobadilisha ni boneti, madigadi, taa, grili na bampa pamoja na chuma chake cha ndani. Uso wa S14 au S15 kwenye S13: hapo umetoka kwenye spana umeingia kwenye msumeno. Madigadi hayakutani na mlango, mstari wa pembeni unakatika, na bila seti maalumu ya faiba iliyotengenezwa kwa S13 utalipa fundi bodi kwa miezi. Wapo waliofanya na yakapendeza. Mimi nisingeanzia hapo.

Kwa injini, SR20 yoyote iliyotoka kwenye S13, S14 au S15 huingia kwenye chasisi yoyote kati ya hizo. Tatizo haliko kwenye chuma. Liko kwenye waya, na tutafika huko.

Kununua: chukua nusu ya mbele nzima

Wauzaji wa Japan hukata gari katikati na kuuza nusu ya mbele, ile ambayo mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam huiita nozikati. Kwa kazi hii ndiyo ununuzi wa busara, hata kama injini peke yake inaonekana rahisi kwa bei. Ukinunua injini tupu, utaanza kutafuta kimoja kimoja: kontroli boksi (kompyuta ya injini), sensa ya hewa, intakula na mabomba yake, rejeta, giaboksi, tanki la usukani, na zile bolti ndefu ambazo haziuzwi popote. Na nozikati ya Silvia S13 yenye SR20DET inakupa injini na uso kwa pamoja.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane, kwa hiyo Silvia nzima haiji tena kwa njia ya kawaida. Anayelikarabati lake huko hutegemea vipuri, na hapo ndipo mtego mkubwa ulipo. SR20 zimejaa kwenye maduka ya Afrika Mashariki, lakini nyingi zimetoka kwenye Primera, Avenir na Bluebird. Hizo ni injini zilizolazwa kimapana kwa ajili ya magurudumu ya mbele, au manne. Sampu (bakuli la oili la chini) ni tofauti, sehemu ya kufungia giaboksi ni tofauti, mifumo ya maji na manifoldi pia. Avenir ya tabo ina maandishi yaleyale ya SR20DET, na muuzaji atakuapia kuwa ni moja. Si moja. Mwombe akuonyeshe giaboksi iliyoshikana na injini: ya Silvia ni ndefu, inakwenda nyuma, na mwishoni ina mahali pa propela shafti. Kama anachokuonyesha kina ekseli mbili pembeni, mshukuru uondoke.

Kuzitambua zenyewe kwa zenyewe, tazama kifuniko cha juu. SR20DET za S13 za mwanzo zina kifuniko chekundu. Za 180SX za miaka ya mwisho zina cheusi. Za S14 na S15 pia ni cheusi, ila mbele upande wa kamshafti ya hewa kuna nundu, kwa sababu hapo ndipo palipo mtambo wa kubadilisha taimingi ya valvu.

Kabla hujalipa, fungua plagi zote nne na upime kompresheni hapohapo chini kwa betri na stata. Kinachotafutwa ni silinda nne zinazokaribiana. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, tafuta injini nyingine. Shika shafti ya tabo kwa vidole uisukume juu na chini: kuchezacheza kidogo ni kawaida, kugusa ukuta si kawaida. Fungua kifuniko cha oili utazame ndani. Uji wa rangi ya maziwa maana yake ni maji ndani ya oili.

Kagua pia kama wayaringi imekatwa. Wakataji wenye haraka hupitisha msumeno kwenye waya karibu na ukuta wa ndani. Waya zilizokatwa hapo zitakugharimu usiku mwingi kuliko injini mbovu.

Makaratasi

Kadi ya gari Tanzania, na logibuku ya Kenya, zina namba ya injini. Ukibadilisha injini, namba inabadilika, na lazima uitaarifu TRA au NTSA, ukiwa na risiti ya ulikonunua. Fanya hivyo kabla ya kuuza gari au kusimamishwa barabarani. Japan nao wana utaratibu wao wa kusajili injini ya aina nyingine, ingawa kwa kodi ya barabara hakuna hasara: CA18 na SR20 zote ziko kwenye daraja moja la kati ya cc 1501 na 2000. Marekani sheria hutegemea jimbo, na California ndiyo ngumu kuliko zote upande wa moshi, kwa hiyo uliza kabla ya kununua.

Hatua ya 1: pima gari kabla ya kugusa spana

Magari haya yamegongwa. Sisemi labda. Ni magari ya kuteleza, na mengi yamewahi kuonja ukuta. Chukua futi ya chuma upime kwa mshazari: kutoka tundu la bolti la juu kushoto karibu na kioo hadi kona ya chini kulia ya fremu ya rejeta, kisha upande wa pili. Vipimo viwili vikipishana kwa zaidi ya milimita chache, chasisi imepinda, na hakuna uso utakaokaa sawa juu yake. Nenda kwa fundi mwenye mashine ya kunyoosha kwanza. Pima nozikati nayo vilevile.

Kisha piga picha za kila kitu: waya zinapopita, mipira ya vakyumu, nafasi kati ya madigadi na mlango. Bandika karatasi yenye namba kwenye kila soketi unayoichomoa. Simu itakusaidia, lakini karatasi haizimi chaji.

Hatua ya 2: kuvua uso wa zamani

Kama gari lina taa za kuinuka, ziinue kabla hujachomoa betri. Zikilala, bolti zake zinafichwa na itabidi uzungushe kile kifundo cha mkono kilicho kwenye mota, mmoja baada ya mwingine, ukiwa umejikunja. Kisha toa fyuzi ya pampu ya petroli, uache injini ingurume mpaka izime yenyewe ili presha ya petroli ishuke, halafu chomoa betri.

Gesi ya eya kondishena inatolewa na fundi mwenye mashine ya kuikusanya. Usiikate tu ikapulize hewani. Mwaga kulanti kwenye beseni, si kwenye mtaro. Halafu fuata mpangilio huu: bampa, chuma chake cha ndani, taa za kona, taa kubwa pamoja na mota na vibano vyake, boneti (watu wawili, na kitambaa kwenye kona karibu na kioo), kisha madigadi. Madigadi yana bolti moja inayosahaulika kila siku, iliyo ndani nyuma ya mlango ukiufungua, na nyingine chini karibu na kizingiti. Ukivuta kabla ya kuzitoa hizo, unakunja bati.

Rejeta na feni zitoke. Sasa mbele kuna uwazi mtupu, na hapo ndipo utashukuru kuwa umeanzia na uso.

Hatua ya 3: kutoa injini pamoja na giaboksi

Presha ya petroli ulishaipunguza kabla ya kuchomoa betri. Kama ulisahau, funga kitambaa kwenye kiungo cha paipu na ulegeze polepole, mbali na taa ya balbu na sigara.

Ndani ya gari ondoa mkono wa gia. Chini ondoa eksosi ya mbele, propela shafti, silinda ndogo ya klachi (usikate paipu yake, ining'inize tu pembeni) na waya za stata. Propela ikitoka, oili ya giaboksi itamwagika nyuma. Vika tundu mfuko wa plastiki na mpira. Pampu ya usukani inaweza kufunguliwa na kufungwa pembeni bila kukata mipira yake, na kompresa ya eya kondishena hivyohivyo.

Shika injini kwa chenibloku kwenye ndoano zake mbili. Weka jeki chini ya giaboksi. Fungua bolti za mauntingi mbili za injini, kisha krosi memba ya giaboksi. Mtu mmoja ashike chenibloku, wa pili aelekeze mkia, na mtu wa tatu akae mbali na kazi yake iwe kutazama kitu kilichosahaulika kuchomolewa. Kila mara kipo kimoja, na mara nyingi ni waya wa athi nyuma ya silinda hedi.

Hatua ya 4: hudumia injini mpya ikiwa bado chini

Hapa usibanie pesa. Kitu ambacho injini ikiwa chini hubadilishwa kwa robo saa, ikishaingia huchukua siku nzima.

Tenganisha giaboksi. Badilisha sili ya nyuma ya kranki, pleti ya klachi na bearing yake, na tazama flaiwili kama ina nyufa za joto. Pampu ya maji, themostati, na mipira yote ya maji inayopita chini ya manifoldi ya hewa: badilisha yote, hata ile inayoonekana nzima. Mipira hiyo ina umri wa zaidi ya miaka ishirini, na ile midogo ya nyuma karibu na ukuta ndiyo hupasuka kwanza, mahali ambapo mkono haufiki.

Fungua kifuniko cha valvu. SR20 ina udhaifu wake unaojulikana: ikizungushwa kupita kiasi, rokaamu (mikono inayosukuma valvu) huruka kutoka mahali pake. Angalia zote zimekaa sawa na hazijachanika. Kwenye SR za kifuniko chekundu kaza pia, kwa kipimo cha kitabu, bolti za yale mabomba membamba yanayonyunyizia kamshafti oili, kwa sababu hulegea zenyewe. Sikiliza cheni ikizungushwa kwa mkono. Tenshena iliyochoka husikika ikigonga.

Oili mpya, filta mpya, plagi mpya. Sampu ishushwe kama unayo gasketi ya maji ya kuizibia; kilichomo chini ya sampu hukwambia ukweli kuliko muuzaji. Vumbi la chuma linalometameta ni bearing.

Hatua ya 5: kuiingiza

Kwa aliyetoa KA24 kwenye S13, krosi memba ya injini haibadilishwi. Unachotumia ni mikono ya mauntingi iliyokuja na SR20, pamoja na mpira mpya. Giaboksi ya KA haishiki kwenye SR, kwa hiyo tumia ile iliyokuja na injini. Propela shafti pima kabla ya kufunga: isukume hadi mwisho ndani ya giaboksi, kisha uone kama ikifungwa kwenye difu inabakiza nafasi ya kusogea. Kwenye gari lililokuwa otomatiki, propela ni suala jingine, na utahitaji pedali ya klachi, silinda zake mbili na paipu.

Giaboksi ya gia sita ya S15 inavutia kwenye mazungumzo. Wengi wanaofukuzia nguvu nyingi hurudi kwenye ile ya gia tano, kwa sababu ya sita haipendi kupigwa.

Tabo ya SR iko upande wa kulia wa gari. Kwenye usukani wa kulia, eksosi inayoshuka hupita karibu na fimbo ya usukani. Zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho kabla ya kukaza, na funga kinga ya joto pale.

Hatua ya 6: waya

Kanuni ni moja: injini, wayaringi yake na kontroli boksi yake ni familia, usiwatenganishe. S13 ina igniter (kifaa kinachoamuru koili zitoe cheche) nje ya koili, wakati S15 ina igniter ndani ya kila koili. S15 ina injekta za cc 480 na S13 za 370. Ukiweka kontroli boksi ya S13 kwenye injini ya S15, itamwaga petroli nyingi kuliko inavyodhani, na valvu ya taimingi itakaa bure. Hakuna fundi umeme atakayeliponya hilo kwa kukatakata.

Katika gari la Kijapani, kontroli boksi iko upande wa abiria, yaani kushoto, chini nyuma ya paneli ya mguu. Kama gari lako nalo ni la usukani wa kulia, kama haya ya Kenya, Tanzania, Uganda na Uingereza, wayaringi inapita palepale ilipopita ya zamani. Kama ni 240SX ya Marekani, boksi iko kulia, na wayaringi ya Japan haifiki. Una njia mbili: kununua iliyotengenezwa tayari kwa usukani wa kushoto, au kurefusha waya moja moja. Ukirefusha, lehemu kwa risasi na uvishe mpira wa kukaza kwa moto. Viunganishi vya kubana vya dukani hutingishika, na waya za sensa hubeba umeme mdogo mno kuvumilia kiungo kibovu. Waya za sensa ya kamshafti na sensa ya kugonga zimevishwa wavu wa chuma. Endeleza wavu huo hadi mwisho, la sivyo injini itakosakosa moto bila sababu inayoonekana.

Baada ya hapo kinachobaki ni kuunganisha injini na mwili wa gari: umeme wa swichi, stata, pampu ya petroli, taa ya oili, joto kwenye dashibodi, na sensa ya mwendo. Tandika michoro miwili ya umeme mezani, wa gari lako na wa gari lililotoa injini, uifuate pini kwa pini. Usiamini rangi za waya, kwa sababu hubadilika kati ya miaka. Tumia mita.

Waya za taa zishughulikie wakati huohuo. Ukitoka kwenye taa za kuinuka kwenda za kudumu, mota zinaachwa bila kazi: ziba soketi zake vizuri na utoe fyuzi yake. Taa zenyewe jaribu dimu na fulu kwa betri kabla ya kukata soketi yoyote.

Pampu ya petroli ya gari lisilo na tabo hailishi SR20DET inapobanwa. Weka ya gari la tabo au ya nje yenye nguvu inayojulikana, pamoja na filta mpya.

Hatua ya 7: moto wa kwanza, kabla ya uso

Funga rejeta na feni, jaza kulanti huku pua imeinuliwa kwa jeki, na fungua skrubu ya kutolea hewa mpaka maji yatoke bila mapovu. SR ikibaki na hewa ndani, sindano ya joto itakudanganya kuwa iko sawa huku hedi inaungua.

Toa fyuzi ya pampu ya petroli na uchomoe koili. Zungusha kwa stata kwa sekunde kumi, pumzisha, rudia, hadi taa ya oili izimike. Tabo kavu hufa ndani ya sekunde chache, ndiyo maana hatua hii hairukwi. Rudisha fyuzi na koili, washa swichi bila kupiga stata, mpe mtu akague viungo vyote vya petroli, kisha piga.

Ikiwaka na kuzima mara moja, tafuta mpira wa hewa uliochomoka kati ya sensa ya hewa na manifoldi. Hewa yoyote inayoingia baada ya sensa ile haihesabiwi, na injini hukosa uwiano. Ikipata joto, weka taa ya taimingi: msingi wa SR20DET ni digrii 15 kabla ya pistoni kufika juu, mizunguko ikiwa karibu 850. Iache ifikie joto, feni iwake na kuzima mara mbili, izime, ipoe, uongeze maji.

Usifunge uso siku hiyo. Tembeza gari bila pua kwenye uwanja, urudi, ukague oili, maji na petroli. Kuvuja kunapatikana kirahisi bampa likiwa bado sakafuni.

Hatua ya 8: kuvalisha uso mpya

Fremu ya rejeta ya 180SX ina vibano vya taa za kuinuka. Vile vinavyozuia taa za Silvia huondolewa, na mahali pake hufungwa vibano kutoka kwenye nozikati. Weka nozikati kando ulinganishe, usikate kwa kukisia. Chuma cha ndani ya bampa kiwe cha Silvia pia, kwa sababu bampa ya Silvia haikai juu ya chuma cha 180SX.

Usipake rangi chochote kabla ya kujaribu kila kipande. Anza na madigadi, bolti zote zikiwa legelege, na ulinganishe na mlango, kwa sababu mlango hausogei. Halafu boneti na bawaba zake: nafasi iwe sawa pande zote mbili. Kisha taa, zikifuata mstari wa boneti. Bampa iwe ya mwisho, nayo hutii wengine. Wanaoanza na bampa huishia na boneti isiyofunga. Loki ya boneti ijaribu mara nyingi kwa kuishusha taratibu kabla ya kuibamiza, la sivyo itafunga na isifunguke.

Ikikaa, toa tena, mpe fundi rangi. Rangi ya Silvia na ya gari lako zikiwa na namba ileile bado zitatofautiana, maana jua limeshachukua sehemu yake. Paka boneti, madigadi na bampa kwa pamoja, na ufifishe rangi kuelekea milangoni.

Taa za Silvia S13 zipo za aina kadhaa, za kawaida na za lenzi za projekta, hadi zile zenye projekta tatu kila upande ambazo bei yake imepanda sana. Zote za Japan zimetengenezwa kwa nchi za kuendesha kushoto, hivyo mwanga wa dimu huinuka kidogo upande wa kushoto wa barabara. Kenya, Tanzania na Uganda hilo ni sawa. Marekani, Kongo, Rwanda na Burundi, ambako watu huendesha kulia, mwanga huo unaingia machoni mwa anayekuja, na kurekebisha skrubu hakutatui. Tafuta lenzi za upande huo.

Hatua ya 9: breki, kisha uuze kilichobaki

S13 ilitoka na bolti nne kwa kila gurudumu. Habu za S14 za bolti tano huingia, na breki kubwa za 300ZX ya kizazi cha Z32 hufungika kwenye chasisi hizi. Rimu ndogo zitagusa kalipa, kwa hiyo nunua breki na rimu kwa pamoja. Kwa aliyetoka kwenye KA isiyo na tabo, fanya hili kabla ya kukanyaga mafuta barabarani.

Vipande ulivyovua usivitupe. Taa za kuinuka zenye mota nzima, boneti ya 180SX na bampa yake vina wateja: wako wenye Silvia wanaotaka uso wa 180SX kwenye gari lao la buti. Zifungashe vizuri, upige picha mota zikifanya kazi kwenye betri kabla ya kutangaza, na uandike kwenye tangazo kama ni za kabla au baada ya 1991, maana bampa zake hazifanani.